Kuvunja Rangi ya Maji ya Karakana kwa Chuma na Peroksaidi

Karakana ya batiki haimwagi maji mengi. Pipa moja, mawili, na msimu wa harusi labda matano kwa siku. Tatizo si wingi. Maji ya jikoni ukiyaelekeza shimoni, vijidudu vya udongo huyamaliza kwa siku chache. Maji ya rangi hukaa humo wiki nzima na yakabaki ya bluu vilevile. Rangi ya kitambaa ilitengenezwa makusudi ili isichuje kwa jua, kwa sabuni wala kwa jasho, na kilichoishinda sabuni huvishinda vijidudu pia. Mvua ikinyesha shimo hufurika, na bluu ile ikaingia mtaroni na kufika mtoni, ambako huzuia mwanga usiifikie mimea ya majini. Baadhi ya rangi za jamii ya azo, zikivunjika nusunusu kwenye tope lisilo na hewa, hutoa amini za aromatiki, na kati ya hizo zimo zinazosababisha saratani.

Ipo njia ya kuzivunja rangi hizi ndani ya pipa la plastiki, bila mashine wala umeme: chuma kidogo kilichoyeyuka kama kichocheo, pamoja na haidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda na ya kupaushia nywele saluni. Wengi waliojaribu wakashindwa hulaumu dawa, wakidai ni feki au imekwisha nguvu. Mara nyingi dawa haina kosa. Maji ndiyo hayakuandaliwa, na kichocheo kilipoingia kilikuta mambo mengine ya kushughulikia kabla ya rangi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maandalizi.

Kwanza, kinachotokea humo ndani. Peroksaidi peke yake ni goigoi mbele ya rangi. Ukiimimina kwenye maji ya bluu utangoja hadi kesho na bluu ipo. Chuma cha chaji mbili kinapokutana nayo huipasua molekuli yake, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, yaani kipande cha oksijeni na haidrojeni kilichopungukiwa elektroni moja, ambacho huikwapua kutoka kwa chochote kilicho karibu. Nguvu yake ya kuoksidisha ni volti 2.8, wakati ozoni ina 2.07 na klorini 1.36. Haichagui. Ikigusa rangi itaivunja rangi. Ikigusa wanga, sabuni au siki, itamalizikia hukohuko. Chuma, kikishatoa elektroni yake, hugeuka kuwa cha chaji tatu, na peroksaidi iliyobaki hukirudisha kwenye hali ya mwanzo ili kifanye kazi tena, ila hatua hii ya kurudi ni ya polepole mara maelfu kuliko ile ya kwanza. Ndiyo sababu rangi hupungua kwa kasi dakika za mwanzo, kisha mambo yakaonekana kama yamesimama. Hayajasimama. Usiongeze dawa kwa pupa.

Aliyeliona jambo hili ni Henry John Horstman Fenton wa Cambridge, akiwa bado mwanafunzi mwaka 1876, na mwaka 1894 akachapisha maelezo ya jinsi asidi ya tartariki inavyooksidishwa kukiwa na chuma. Hakuwa na habari na maji machafu. Maelezo ya radikali yalitolewa na Haber na Weiss mwaka 1934, na watu wa mazingira walianza kuitumia njia hii kwa dhati miaka ya 1960. Ni kemia ya zamani, isiyo na haki ya mtu yeyote juu yake, na viungo vyake vinauzwa wazi.

Jua ni rangi gani kabla ya kugusa asidi

Hapa ndipo usalama wako ulipo, basi soma mara mbili.

Batiki nyingi za Afrika Mashariki hutiwa rangi za vati, zile zinazochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti kwenye maji ya moto. Maji ya rangi hizi hayahitaji kichocheo kabisa. Rangi ya vati huyeyuka tu ikiwa imenyang'anywa oksijeni. Ikirudishiwa hewa inakuwa vumbi lisiloyeyuka. Yakoroge maji kwa mti mara kadhaa, au yahamishe ndoo hadi ndoo yapigwe na hewa, kisha yaache usiku mzima. Asubuhi rangi imelala chini. Chuja kwa kitambaa kizito na mchanga, shusha ukali wa kostiki, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha bila kununua chochote.

Kosa la hatari ni kuyatia asidi maji ya vati yakiwa bado mabichi. Haidrosalfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa dioksaidi, inayokaba koo na inayoweza kumwua mwenye pumu. Na hata usipoumia, haidrosalfaiti iliyobaki itaimaliza peroksaidi yote kabla rangi haijaguswa. Pigisha hewa kwanza, siku nzima ikibidi.

Rangi za salfa, hasa nyeusi ya bei rahisi yenye harufu ya yai viza, ziweke kando kabisa. Asidi juu yake hutoa haidrojeni salfaidi, na gesi hiyo huua. Maji yake hayana nafasi katika makala hii.

Zilizobaki ni rangi za riaktivu, zile zinazoyeyushwa kwa maji ya kawaida na kukazwa kwa chumvi na magadi soda. Hizi ndizo zenye shida ya kweli. Sehemu ya rangi hukosa kushika uzi, ikaungana na maji yenyewe, na tangu hapo haitashika kitambaa chochote wala haitatuama. Itabaki imeyeyuka. Kichocheo cha chuma kinaziweza rangi hizi vizuri, za azo hasa. Kama hujui umenunua rangi ya aina gani, mwulize mwuzaji swali moja: hukazwa kwa kutumia kitu gani? Akisema haidrosalfaiti na kostiki, ni vati. Akisema magadi na chumvi, ni riaktivu.

Maandalizi

Tenga maji ya rangi na maji mengine. Hili lina thamani kuliko dawa yoyote utakayonunua. Suuza ya kwanza, yenye rangi nzito, iingie pipa lake; suuza ya tatu na ya nne, iliyo hafifu, itumike tena kama suuza ya kwanza ya kitambaa kinachofuata cha rangi hiyohiyo. Maji ya kuondolea nta yapoe ili nta igande juu uipakue, maana kila kipande cha nta ni mlo mwingine wa radikali. Wanga wa kitambaa kipya vilevile: kifue kwanza peke yake, na maji yale yapeleke kwingine.

Kisha ni magadi. Maji ya riaktivu huwa na pH ya 10 au 11, na kichocheo cha chuma kinataka karibu 3. Juu ya 4 chuma huanza kuganda kama kutu, na chuma kilichoganda hakichochei kitu. Chini ya 2.5 nako kazi huzorota. Kwa hiyo utashusha pH, na magadi yatakujibu kwa povu, kwa kuwa kabonati ikikutana na asidi hutoa hewa ya ukaa. Povu hilo ni zuri, maana kabonati ni mwizi mkubwa wa radikali na sasa inatoka. Ila usijaze pipa. Pipa la lita 200 liwe na lita 100 tu za maji, nalo liwe la plastiki, si la bati, na liwe nje penye upepo.

Asidi ya kutumia ni ya salfuriki. Asidi mpya ya betri inafaa. Iliyomwagwa kutoka betri kuukuu haifai, kwa kuwa ina risasi. Mimina asidi kwenye maji, kidogokidogo, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Glavu za mpira, miwani ya kuziba macho, na ndoo ya maji safi pembeni. Nimewahi kuona ushauri wa kutumia siki au ndimu ili kuepuka asidi kali. Unavutia, ila hauna faida: siki na ndimu zenyewe ni chakula cha radikali, na utakuwa umenunua peroksaidi ya kuvunjia ndimu. Asidi ya haidrokloriki nayo iache, maana kloridi hupunguza makali ya radikali. Chumvi ya kukazia rangi tayari imeleta kloridi ya kutosha. Hiyo huwezi kuitoa, ila usiongeze nyingine.

Kupima pH kwenye maji yenye rangi kuna kero yake. Karatasi ya pH hunywa rangi ya maji na kukupa jibu la uongo. Ichovye ncha tu, kisha isome ukingoni kabisa, pale maji yalipopanda na kuiacha rangi nyuma. Kama unafanya kazi hii kila wiki, nunua kipimo cha mkononi cha umeme.

Na jiki? Wengi humwaga jiki pipani na rangi huondoka kwa dakika chache, wakaridhika. Klorini kweli hufuta rangi, lakini huacha nyuma misombo yenye klorini ambayo mara nyingine ni mibaya kuliko rangi yenyewe. Na pipa lililotiwa jiki likipata asidi hutoa gesi ya klorini. Chagua njia moja. Pipa lililowahi kutiwa jiki lioshwe kabisa kabla ya kutumika kwa kazi hii.

Jaribu kwenye chupa kabla ya pipa

Hakuna kipimo kimoja kinachofaa karakana zote, maana maji ya bluu ya leo si mekundu ya kesho. Jaribio la chupa huchukua asubuhi moja na huokoa fedha nyingi. Tafuta vyombo sita vya kioo au plastiki angavu, vya zaidi ya lita moja, na kila kimoja ukitie lita moja ya maji yaliyokwisha kushushwa pH hadi 3.

Pa kuanzia ni hesabu. Maabara ya maji ikikupimia mahitaji ya oksijeni ya kikemikali, yale yanayoandikwa COD, kila gramu 1 ya COD inahitaji gramu 2.125 za peroksaidi halisi ili iishe yote. Tuseme maji yako yana COD ya miligramu 500 kwa lita. Lita moja itataka gramu 1.06 za peroksaidi. Kwa peroksaidi ya saluni ya asilimia 6 hiyo ni mililita 18 hivi. Ya asilimia 3 kutoka famasi, mililita 35. Ya viwandani ya asilimia 35, chini kidogo ya mililita 3. Chuma kiwe sehemu moja kwa kumi ya peroksaidi kwa uzito, yaani gramu 0.106. Salfeti ya chuma, zile chembe za kijani zinazouzwa maduka ya kemikali na ya pembejeo, ina chuma asilimia 20 tu, kwa hiyo pima nusu gramu. Chembe zilizogeuka njano au kahawia zimeshaoksidishwa. Zitafanya kazi, ila kwa uvivu.

Chupa ya kwanza iwe na maji peke yake. Chupa ya pili itie chuma bila peroksaidi. Ya tatu chuma na robo ya peroksaidi uliyoikokotoa, ya nne nusu, ya tano yote, ya sita mara moja na nusu. Katika nne hizo za mwisho chuma kiwe kilekile. Tanguliza chuma, koroga mpaka kiyeyuke, ndipo ufuate na peroksaidi kwa mafungu matatu au manne, ukipisha dakika kumi kati ya fungu na fungu. Ukiimwaga yote mara moja, radikali huzaliwa nyingi kwa mpigo, zikaoana zenyewe kwa zenyewe na kuiacha rangi. Usizibe chupa yoyote: oksijeni inayotoka hupasua chombo kilichofungwa.

Sasa angalia. Bluu haipauki tu kuelekea weupe. Mara nyingi hupitia kijivu, ikaingia kahawia kama chai ya rangi, na mtu asiyejua huona mambo yameharibika. Kahawia hiyo ni vipande vya kati, pete za molekuli zilizofunguka nusu. Endelea kungoja. Baada ya saa moja au mbili kahawia huangaza, ikabaki manjano hafifu, ambayo sasa ni rangi ya chuma chenyewe. Ikiwa kahawia imeganda kama vumbi la kutu mapema kabisa, hiyo si hatua ya kati. pH yako imepanda juu ya 4. Ongeza asidi, usiongeze peroksaidi.

Saa mbili zikipita, tia chokaa iliyozimwa, au kostiki kidogo sana, katika chupa zote isipokuwa ya kwanza, mpaka pH ifike kati ya 7 na 8.5. Chuma kitaganda kwa mabonge ya rangi ya kutu na kuanza kushuka. Ngoja maji ya juu yatulie, kisha uzilinganishe chupa ukiziweka mbele ya karatasi nyeupe.

Usiipite chupa ya pili, ile isiyo na peroksaidi. Ikiwa nayo imeng'aa karibu sawa na ya tano, basi kilichokusafishia maji si kuvunjika kwa rangi. Ni chuma na chokaa kuikamata rangi na kuishusha kwenye tope. Rangi ipo, imehama tu. Baadhi ya rangi hufanya hivyo kwa urahisi, na huenda ukaamua njia hiyo inakutosha ukiwa na mahali salama pa kuweka tope. Lakini ujue umenunua nini. Wauzaji wa mitambo ya kusafishia maji hawapendi kukuonyesha chupa hiyo.

Chagua chupa yenye peroksaidi kidogo kuliko zote ambayo maji yake yameangaza. Mara nyingi rangi hufutika kwa nusu ya kipimo, au chini yake, kwa kuwa kifungo cha azo kinachoipa molekuli rangi yake ndicho huvunjika mapema. Hapo pana mtego. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yakabeba zaidi ya nusu ya uchafu wake, umevunjwa vipande visivyoonekana kwa macho. Tanzania huruhusu COD ya miligramu 60 kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, Kenya 50, na pH kati ya 6.5 na 8.5 kwa nchi zote mbili. Jicho haliwezi kukuambia umefika huko. Peleka sampuli maabara angalau mara moja kwa kila aina ya rangi unayotumia, uoanishe kipimo na jibu, kisha ufuate kipimo hicho. Tahadhari moja: peroksaidi iliyobaki hupandisha namba ya COD kwa uongo, kwa hiyo iondoe kabla ya kupeleka sampuli. Njia rahisi ni hamira. Katika maji yaliyokwisha kurudishwa pH 7, koroga hamira kidogo ya mkate. Kimeng'enya chake huipasua peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Yakitoa povu, peroksaidi ilikuwapo nyingi, maana yake chuma kilikuwa kidogo au hukungoja vya kutosha. Kisha chuja, maana hamira yenyewe ni uchafu kwenye kipimo.

Pipani

Lita 100 za maji yaleyale ya mfano zingetaka, kwa kipimo kamili, gramu 106 za peroksaidi halisi: takriban mililita 270 za ile ya asilimia 35, au lita 1.8 za ya saluni. Salfeti ya chuma gramu 53. Kwa karakana ndogo ninashauri ya asilimia 6 hata kama ni ghali zaidi kwa gramu. Ya asilimia 35 huunguza ngozi ikawa nyeupe papo hapo, haitaki kukaribiana na vumbi, kutu, mafuta wala kitambaa, na ikimwagikia chembe kavu za salfeti ya chuma huchemka kwa ghafla. Tanzania kemikali za aina hii husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwuzaji halali anajua masharti na atakupa karatasi ya usalama. Peroksaidi ihifadhi kwenye chupa yake ya asili yenye kifuniko kinachopumua, kivulini, mbali na watoto. Usiigawe kwenye chupa za maji ya kunywa hata kwa dakika tano.

Mwendo ni uleule wa chupa: pH 3, chuma, koroga, peroksaidi kwa mafungu, ngoja saa mbili ukikoroga mara kwa mara kwa mti, si kwa chuma. Joto la Dar es Salaam au Mombasa linatosha. Njombe au Limuru asubuhi ya Julai, ngoja hadi mchana.

Jua ni msaidizi wa bure. Chuma cha chaji tatu, kikiwa kwenye pH ya karibu 3, hunyonya mwanga na kurudi chaji mbili huku kikizaa radikali nyingine, kwa hiyo ile hatua ya polepole inapata njia ya mkato. Badala ya pipa refu, tumia mabeseni mapana yenye kina cha sentimita 10 hivi, uyaweke uani kati ya saa nne na saa tisa, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki. Chuma kidogo zaidi kitatosha, na tope litapungua. Huko Almería, kusini mwa Uhispania, watafiti wa Plataforma Solar wamefanya hivi kwa miaka mingi kuvunja viuatilifu, kwa mabomba na vioo vya kukusanya jua. Usiige hilo la viuatilifu nyumbani: havina rangi ya kukuonyesha ulipofika, na vipande vyake vya kati vinaweza kuwa na sumu.

Fundi mmoja ataniuliza kuhusu chenga za chuma kutoka karakana ya kuchonga vyuma. Zinafanya kazi. Zioshe kwa sabuni zitoke mafuta, uzitie kwenye maji ya pH 3, zitaanza kuyeyuka na kutoa chuma chenyewe. Ila huwezi kupima kilichoyeyuka, na asidi hupungua kadiri chuma kinavyoliwa, kwa hiyo utakuwa unakagua pH kila baada ya robo saa. Kwa shule inayofundisha kemia ni somo zuri. Kwa karakana yenye oda, nunua salfeti.

Kichocheo kingine kinachosifiwa ni titani dioksaidi, unga mweupe ambao ukipigwa na mwanga wa urujuanimno huvunja uchafu bila kuongezwa peroksaidi. Fujishima na Honda ndio walioufanya ujulikane mwaka 1972. Unga huohuo umo kwenye rangi nyeupe ya ukutani, na hapo ndipo watu hupotea. Titani ya rangi za ukuta kwa kawaida ni ya umbo la rutile, nayo hufunikwa kwa tabaka la alumina au silika hasa ili isiwe kichocheo, la sivyo ingekula rangi ya ukuta. Haifai. Wala mchanga mweusi wa Kwale, uliochimbiwa ilmenaiti na rutile hadi mwisho wa 2024, haugeuki kichocheo kwa kuutandaza juani. Unaotakiwa ni unga laini wa umbo la anatase, na hata ukiupata, hutumia mwanga wa chini ya nanomita 388 pekee, ambao ni asilimia 4 au 5 tu ya jua. Juu ya hayo, unga laini hivyo kuutoa kwenye maji ni kazi nyingine. Kwa maji ya rangi nzito, ambayo mwanga hauyapenyi, mimi nisingeanza huko.

Yapo ambayo kichocheo hakiwezi kabisa, hata ukiongeza dawa mara kumi. Chumvi itabaki yote. Shaba na kromi zilizomo kwenye baadhi ya rangi hazivunjiki. Nyingi zitashuka na tope. Floraidi ya visima vya Arusha ina dawa yake, mkaa wa mifupa, na huu si mlango wake. Na maji yaliyopita kwenye pipa hili si ya kunywa, hata yang'ae vipi.

Tope ndilo gharama iliyojificha. Gramu 53 za salfeti huacha gramu 20 hivi za tope kavu, ila likiwa bichi huonekana kama nusu ndoo. Lichuje kwenye mfuko wa kitambaa, ulikaushe juu ya turubai mahali pasiponyeshewa, ulihifadhi kwenye mfuko wa plastiki hadi halmashauri au mkusanyaji taka aliyesajiliwa alichukue. Usilitie bustanini eti kwa kuwa lina rangi ya udongo mwekundu. Huenda limekamata shaba.

Kabla ya kuyamwaga maji yenyewe, yapime kwa choroko. Weka sahani nne zenye karatasi ya shashi, kila moja punje 20. Ya kwanza inyweshe maji safi, ya pili maji ya rangi kabla ya kutibiwa lakini yaliyorudishwa pH 7, ya tatu maji yaliyotibiwa, ya nne maji safi yaliyotiwa chumvi kwa kiasi kilekile unachotumia karakanani. Baada ya siku tatu hesabu zilizoota na pima mizizi kwa rula. Sahani ya tatu ikilingana na ya kwanza, uko vizuri. Ikilingana na ya nne, rangi umeimaliza na kinachoua mizizi ni chumvi: punguza chumvi kwenye rangi, au yachanganye maji hayo na ya suuza ya mwisho kabla ya kuyatoa. Ikilingana na ya pili, bado kuna vipande vyenye sumu au peroksaidi iliyobaki. Tia hamira, rudia choroko, na zikigoma tena rudi kwenye chupa ya sita.

Yaliyofaulu yanaweza kuoshea sakafu, mapipa na miguu ya meza. Usiyarudishe kwenye kutia rangi. Chuma kilichobaki, hata kisichoonekana, hufifisha nyekundu na njano, na mteja ataliona hilo kabla yako.